Daftari la Mchezo Lilipoitwa Kumbukumbu za Kamari: Nilivyolikomboa

Mimi ni kijumbe. Mama yangu alikuwa kijumbe kabla yangu, kule Temeke, akikusanya fedha za mchezo wa kina mama wa mtaani kila Jumamosi na kumkabidhi mwenye zamu kabla jua halijazama. Nilipohamia Marekani, katika mji mmoja wa kaskazini mwa Jimbo la New York, nilikuta Watanzania, Wakenya na Wakongomani wachache wanaoishi kwa mshahara wa viwandani na wa kuhudumia wazee, na haukupita muda tukaanzisha mchezo wetu. Wakenya waliuita chama, Wakongomani waliuita likelemba, lakini kwa kuwa daftari lilikuwa langu, liliandikwa kwa maneno yangu. Tulikuwa watu 12, kila mmoja alitoa dola 200 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wetu alipokea dola 2,400. Mwanzoni mwa kila mzunguko tulikunja vikaratasi 12 vyenye namba, tukavitia katika bakuli, na kila mtu akachota kimoja ili ajue zamu yake ni ya mwezi gani.

Tulikutana katika duka la mwenzetu mmoja, na daftari nililiacha hapo, katika droo iliyo chini ya kaunta, kwa sababu wengi walipitisha fedha zao dukani wakitoka kazini usiku. Kando ya friji la vinywaji mwenye duka alikuwa amewekewa mashine mbili zenye vioo na vitufe. Mtu aliyezileta alimhakikishia kwamba ni mashine za ustadi, si za bahati, na kwa hiyo ni halali, na wakakubaliana kugawana mapato. Sikuwahi kuzigusa, wala sikuwahi kujiuliza kwa nini daftari letu linalala hatua nne kutoka zilipo.

Asubuhi moja polisi walifika dukani na hati ya upekuzi. Walizichukua zile mashine, fedha zilizokuwa ndani yake, na kila karatasi yenye hesabu waliyoiona, likiwemo daftari langu lenye jina langu kwenye jalada na bahasha ya vile vikaratasi vya namba. Mwenye duka alishtakiwa siku hiyohiyo kwa kupatikana na vifaa vya kamari. Baada ya wiki mbili wakili wake alimpigia simu kumwarifu kwamba upande wa mashtaka unafikiria kuongeza kosa jingine, la kupatikana na kumbukumbu za kamari, na kwamba wanataka kujua mwenye jina lililo kwenye jalada ni nani.

Usiku ule simu yangu haikupumzika. Mwenzetu mmoja, mtu ninayemheshimu, aliniambia, “Dada, likane. Majina yanafanana, daftari hilo sema si lako.” Mwingine alinisihi nichome stakabadhi zote zilizobaki nyumbani kwangu. Sikuwalaumu, kwa sababu wote tunajua maana ya kuwa mgeni katika nchi ya watu na kuitwa na polisi. Lakini nilikataa yote mawili, na asubuhi nikaomba ruhusa kazini nikaenda kutafuta wakili wangu mwenyewe, si yule wa mwenye duka, maana hata mimi niliona kwamba linaloweza kumwokoa yeye laweza kuniangamiza mimi. Baadaye niliambiwa kwamba kuchoma karatasi ukijua zinaweza kuhitajika mahakamani ni kosa kubwa la jinai linalosimama peke yake, hata kama karatasi zenyewe hazikuwa na hatia yoyote.

Wakili alinisomea Kifungu cha 225 cha Sheria ya Jinai ya New York polepole, na mimi nikawa naandika kwa Kiswahili pembeni. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba sheria hiyo haimwadhibu mtu anayecheza tu. Mchezaji wa kawaida, asiyepata zaidi ya ushindi wake mwenyewe, hatiwi hatiani kwa kucheza. Wanaoadhibiwa ni waendeshaji, pamoja na wale wanaoshika vitu vya uendeshaji, yaani mashine na maandishi. Mtu anayejua yaliyomo katika karatasi ya aina inayotumika kwa kawaida katika kuendesha bahati nasibu haramu au kupokea dau, akapatikana nayo, ametenda kosa dogo la jinai la daraja la A, ambalo kifungo chake hakizidi siku 364. Na kupatikana na kitu si lazima kiwe mkononi mwako, bali yatosha kuwa una mamlaka juu yake. Kuhusu kujua, sheria inaruhusu dhana: ukithibitika kuwa karatasi ilikuwa yako, huo ni ushahidi wa awali kwamba ulijua ni karatasi ya nini.

Nilimuuliza kwa nini karatasi iadhibiwe badala ya kitendo. Alinieleza habari za mchezo wa namba, uliotapakaa Harlem, mtaa wa jiji la New York, tangu miaka ya 1920, ambapo watu walitaja tarakimu tatu na kuweka senti chache, na wakusanyaji wakapita nyumba hadi nyumba na ngazi hadi ngazi. Fedha zilibadilishana mikono kwa sekunde, na hakuna askari aliyeweza kushuhudia dau elfu moja zikiwekwa. Kitu pekee kilichobaki baada ya siku kwisha kilikuwa ni orodha ya namba, majina na viwango, na bila orodha hiyo mchezo usingeweza kulipa. Kwa hiyo watunga sheria waliifuata orodha. Jimbo lenyewe lilianzisha bahati nasibu yake mwaka 1967, na mchezo wake wa kila siku wa namba mwaka 1980, lakini orodha ya mtu binafsi ikabaki kuwa kosa. Nilimwelewa vizuri, na nadhani hata mama yangu angemwelewa, kwa sababu kijumbe yeyote anajua kwamba daftari ndilo mchezo wenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Daftari langu lilikuwa limejaa neno namba. Lilisema mtu fulani ni namba 3, kwamba namba 3 amecheza, kwamba namba 7 hajacheza mwezi huu, kwamba mchezo umekwenda kwa namba 5. Mtu aliyelifasiri kwa haraka kwa ajili ya polisi alikuwa ameandika kila penye mchezo neno la Kiingereza wanalolitumia kwa mpira na karata, na kila penye kucheza akaandika kuweka dau. Penye kupokea aliandika kushinda. Ukisoma tafsiri ile bila kutujua, hata mimi ningeamini kwamba ni daftari la mkusanyaji wa kamari, tena likiwa na bahasha ya namba za kuchota na likitoka katika duka lenye mashine haramu.

Kisha wakili akauliza daftari lina mistari mingapi. Lilikuwa na mizunguko minne kamili, kila mmoja wa watu 12 kwa miezi 12, yaani mistari 576 ya malipo, mbali na mzunguko wa tano uliokuwa ukiendelea. Akaweka kalamu chini. Kumbukumbu za bahati nasibu haramu zikionyesha dau au nafasi zinazozidi 500, kosa hupanda na kuwa kosa kubwa la jinai la daraja la E, na kifungo chake chaweza kufika miaka 4. Usafi wangu wa kuandika kila senti, ambao mama alinifundisha kwa ukali, ndio uliokuwa umenipitisha mpaka wa 500. Nami nilikuwa katika mwaka wangu wa mwisho kabla ya kuomba uraia, na fomu ya kuomba uraia inauliza waziwazi kama umewahi kushiriki kamari haramu au kupata kipato kutokana nayo.

Njia ilikuwepo ndani ya sheria ileile. Ni utetezi halali kwamba maandishi uliyopatikana nayo hayakutumika, wala hayakukusudiwa kutumika, katika kuendesha bahati nasibu au kupokea dau, na utetezi huo ukishaletwa, ni upande wa mashtaka unaopaswa kuukanusha bila kuacha shaka ya maana. Basi kazi yetu ikawa kuonyesha kwamba mchezo wetu si bahati nasibu kwa maana ya sheria. Sheria inataka mambo matatu: watu walipie nafasi, nafasi itakayoshinda ipatikane kwa bahati, na mwenye nafasi hiyo apate kitu cha thamani. Udhaifu wetu ulikuwa kwenye lile bakuli, kwa maana zamu tuliipata kwa kuchota, na kuchota ni bahati. Sikutaka kulificha bakuli, na wakili hakutaka nilifiche. Tulilolazimika kuonyesha ni kwamba bakuli liliamua mwezi tu. Hakuna aliyepata zaidi ya alichotoa, na hakuna aliyetoa akakosa. Kila mtu alitoa dola 2,400 kwa mwaka na akapokea dola 2,400 katika mwaka huohuo, na mimi kijumbe sikukata hata senti.

Nilifanya kazi hiyo kwa wiki tano, nyingi usiku. Niliomba nakala ya kurasa zote kupitia kwa wakili, nikachora jedwali la kila mzunguko, mtu mmoja kwa mstari mmoja, upande huu alichotoa na upande ule alichopokea, na mwishoni tofauti, ambayo ilikuwa sifuri mara 48. Nilikusanya taarifa za benki na za kutuma fedha kwa simu kwa miezi ambayo watu hawakulipa taslimu. Niliwaomba wanachama hati za kiapo, na hapa ndipo palipokuwa pagumu kuliko mahakama. Watu 4 walikataa, kila mmoja kwa hofu yake, na mmoja wao alikuwa ameshapokea zamu yake mwezi wa pili na akaacha kabisa kulipa. Saba walikubali, na wakili wangu akawaeleza mapema kwamba wanaweza kuulizwa maswali, ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba nilimwingiza gizani.

Kuhusu tafsiri, nilijua Kiingereza cha kutosha kuifanya mwenyewe, lakini tafsiri ya mtuhumiwa haina uzito. Tulimlipa mfasiri aliyethibitishwa, mzaliwa wa Mombasa, ambaye hakunifahamu. Nilimwachia maneno yetu yote isipokuwa nilimwomba jambo moja, asilitumie neno upatu kama jina la kikundi. Wazee wetu walilitumia kwa jambo hilihili tunalolifanya, lakini siku hizi magazeti ya Tanzania na hati za mashtaka huko nyumbani hulitumia kwa ile biashara haramu ya piramidi, ambapo wa mwanzo hulipwa kwa fedha za wa mwisho, na mtu yeyote akilitafuta kwenye intaneti angekutana na kesi kabla hajakutana na kina mama wa Temeke. Yeye aliamua kuliacha neno mchezo kama lilivyo kwa Kiswahili katika kila ukurasa, na akaandika maelezo mwanzoni kwamba kwa Watanzania kucheza mchezo ni kuchanga kwa zamu. Uamuzi huo naamini ndio uliotuokoa, kwa sababu msomaji hakuruhusiwa kudhani kwamba anaelewa.

Wakili alipeleka kila kitu kwa mwendesha mashtaka kabla sijaitwa rasmi. Tuliitwa mara moja. Niliulizwa kama mwenye duka alikuwa akipata chochote katika mchezo, kama kuna mtu aliyewahi kununua namba ya mwenzake, na kwa nini bakuli. Swali la namba ya mwenzake lilikuwa la hatari, kwa sababu watu hubadilishana zamu mtu akifiwa au akidaiwa kodi ya nyumba, nami nilijibu kwamba tumebadilishana mara 6 na hakuna aliyelipwa kwa hilo. Baada ya miezi mitatu nilipata barua kupitia kwa wakili kwamba hakuna shtaka litakalofunguliwa kuhusu daftari, si dhidi yangu wala dhidi ya mwenye duka.

Yale ya mashine hayakumwacha. Neno ustadi halikumsaidia, kwa kuwa sheria inahesabu kuwa ni bahati pale matokeo yanapoitegemea bahati kwa kiasi cha maana, hata kama ustadi nao una sehemu. Alikubali kosa la chini zaidi, akalipa faini, na mashine hazikurudi. Yule aliyezileta hakuonekana tena.

Daftari lilirudishwa likiwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye kibandiko, pamoja na vikaratasi vyote 12. Mzunguko wa tano ulikuwa umesimama ukiwa na watu watatu ambao hawajapokea, na yule aliyeacha kulipa alikuwa amehamia jimbo jingine. Kwa desturi niliyokuzwa nayo, kijumbe ndiye dhamana, kwa hiyo pengo lake nililijaza mimi kwa miezi mitatu, na wenzangu wawili wakanisaidia bila kuombwa. Mama alipopigiwa simu aliuliza tu kama namba 12 amepokea.

Tumebadilisha mambo machache. Hatuchoti tena, bali tunapanga zamu kwa maelewano, mwenye ada ya mtoto au safari ya msiba akitangulia. Kila mtu ametia saini mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili na Kiingereza, malipo yote hupitia benki, na daftari haliondoki nyumbani kwangu. Kwenye jalada nimeandika Akiba ya Zamu. Ndani, hata hivyo, bado naandika amecheza, na mfasiri wetu anajua maana yake. Namba 12 alipokea dola zake 2,400 mwezi wa Novemba, akanipa mkono, na nikauchora mstari wa mwisho wa mzunguko ule.