Hela ya shule yetu inasubiri giza

Jumamosi ya juzi tulikuwa na kikao cha kamati ya shule. Tumekaa darasa la tatu kwenye madawati ya watoto, magoti yanakaribia kidevu, mwalimu mkuu akafungua kauntabuku lake akasema jamani hela imeingia, 430,000. Kimya. Mama mmoja anayeuza dagaa pale mwaloni, mitumbwi inakoshushia samaki, akauliza, ni ya wiki hiyo? Mwalimu akamjibu hapana mama, ni ya mwezi mzima. Yule mama akacheka mpaka akajifuta machozi na kanga, maana anawajua matajiri wa mitumbwi ambao giza likikubali wanaingiza hiyo kwa usiku mmoja tu.

Nimeona niandike hili maana kila nikivuka kwenda mjini watu wananiuliza, nyie si elimu bure, sa michango ya nini tena? Mimi ndo mwenyekiti wa hiyo kamati, niliupata uenyekiti kwa sababu siku ya uchaguzi nilichelewa kufika na aliyechelewa hana wa kumtetea. Kabla ya hapo nilikuwa naamini mwalimu mkuu ana mafungu kabatini anayaficha. Hana. Nimeliona kabati, lina panya na mitihani ya 2019.

Hesabu yake ni hivi. Serikali inatenga 10,000 kwa kila mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka (sekondari ni 25,000), 4,000 inabaki hukohuko juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndo inashuka shuleni, ukigawa kwa miezi 12 unapata 500 kwa kila mtoto kwa mwezi. Sisi tuna watoto 860, zidisha mwenyewe. Walimu wanaiita kapitesheni, na hiyo 10,000 sio ya jana wala juzi, imeanzia kwenye MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi wa 2002, ambako ilipigiwa hesabu kama dola 10 kwa mtoto. Leo ukienda na 10,000 benki unapewa kama dola 4 hivi. Chaki na rimu zenyewe hazijakaa kusubiri bei ya 2002.

Elimu bila malipo kama tunavyoijua sasa ilianza Januari 2016, na kwa kweli siwezi kuisema vibaya, mwaka ule darasa la kwanza lilifurika watoto ambao wengine walishaanza kubeba mitego. Ila kuna kitu kimoja watu hawakukisikia vizuri, waraka wenyewe uliacha sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa kwa mzazi. Hilo neno chakula ndo limebeba kila kitu ninachotaka kusema hapa, ntarudi.

Kwanza watu waelewe hela ya shule haipiti bomba moja. Mshahara wa mwalimu unatoka Hazina unaingia kwenye akaunti yake, sisi hatuuoni wala halmashauri haiuchezei. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, 200,000 kwa mwezi, nayo hivohivo inatoka juu. Vitabu vinaandaliwa na TET, taasisi ya elimu, vinakuja kwenye maboksi. Mtihani ni wa NECTA, baraza la mitihani. Madarasa mapya yanakuja kwa jina la mradi, jana ilikuwa hela ya UVIKO, leo BOOST, kila mradi na kibao chake. Halmashauri yenyewe ina mapato ya ndani, na huku kwetu mapato ya ndani usidanganywe, sehemu kubwa ni samaki, yule kijana wa mashine ya posi pale mwaloni anayekatia risiti za ushuru wa dagaa ndo anayelisha halmashauri, na kabla diwani hajaomba chochote kwa ajili ya shule asilimia 10 imeshatengwa kwa sheria kwenda kwenye mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu.

Na mabosi sasa! Mwalimu mkuu ana afisa elimu kata anayepita na pikipiki, ana afisa elimu msingi halmashauri, juu yake mkurugenzi, hao wote ni TAMISEMI. Wathibiti ubora wanaokuja kukagua andalio la somo ni wa Wizara ya Elimu. Akikosea kinidhamu anakutana na TSC, tume ya utumishi wa walimu. Mtendaji wa kata anamuita kwenye kamati ya maendeleo ya kata, diwani anampigia simu usiku, na mimi mwenyekiti namuuliza choo kimefikia wapi. Halafu huyohuyo akitaka kubadilisha kitasa cha ofisi anahitaji muhtasari wa kikao chetu, halafu aingize kwenye mfumo, na tangu 2023 manunuzi yanapita NeST, mfumo wa serikali wa mtandaoni, sasa fundi wetu wa kijiji ni hodari kweli lakini NeST anaijulia wapi. Mtandao pale shuleni unashika sehemu moja tu, juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya darasa la awali. Kwa hiyo ukipita saa tisa mchana utamkuta mtu mzima mwenye digrii amepanda juu ya jiwe, laptopu kwenye mapaja, kanga ya mke wake kichwani kwa sababu ya jua, anatafuta kitasa. Nilimpiga picha, akanikataza kuirusha.

Walimu tunao 11. Kwa kile kipimo cha mwalimu mmoja kwa watoto 45 tulitakiwa kuwa na 19. Hatuwezi kuajiri hata mmoja, ajira ni za serikali kuu, tunachoweza ni kuandika barua na kusubiri, na ukipangiwa mwalimu mgeni akashuka hapa akaona nyumba ya mwalimu ilivyo, wiki mbili tu ameanza kuulizia uhamisho.

Boma letu nalo liache nilitaje kidogo. Wazazi tulijenga darasa kwa nguvu zetu, mawe tulisomba wenyewe, mchanga wa ziwani kina mama wakabeba vichwani, tukafika usawa wa lenta tukasimama kama tulivyoambiwa kwamba mkifika hapo tutawamalizia. Miaka sita. Mvua imelipiga, mbuzi wamelala humo, kuna mpera umeota katikati ya darasa na sasa unazaa, watoto wanakula mapera ya darasa. Kila mwaka linaingia kwenye bajeti na kila mwaka ukomo wa bajeti ukishuka kutoka Hazina linakatwa. Watu wa mjini wanasema wananchi hawajitoi, mimi nawaambia njooni muone mpera. Wazee wetu walishajenga hivohivo miaka ya sabini, Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipotaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na Musoma si ng'ambo tu hapo, ziwa ni hilihili. Na haraka inakuja, maana kwa mtaala mpya walioanza darasa la tatu 2024 watamaliza la sita 2027, mwaka huohuo wenzao wa la saba wa mwisho nao wanamaliza, kwa hiyo kidato cha kwanza 2028 inapokea mikupuo miwili kwa mpigo.

Nina binamu yangu yuko Massachusetts, Marekani, tunaongea wasapu. Nilipomlalamikia akanieleza ya kwao nikabaki mdomo wazi. Anaishi kamji kadogo, miji kadhaa midogo imeungana kuendesha shule kwa pamoja, kuna kamati ya kuchaguliwa kama sisi, ila ile kamati inapanga bajeti nzima mpaka mishahara, halafu kila mji unapelekewa sehemu yake ya kulipa. Wananchi wanajaa ukumbini wananyoosha mikono. Theluthi mbili ya miji isipokubali, bajeti hakuna, mnarudi mezani. Hela yenyewe nyingi inatoka kwenye kodi ya nyumba zao, nyingine jimbo linaongezea, serikali kuu inatoa kidogo tu. Na kodi hiyo kwa sheria yao ya mwaka 1980 jumla yake, ukiacha ya majengo mapya, haipandi zaidi ya asilimia 2.5 kwa mwaka, ikizidi hapo lazima wapige kura kujiongezea wenyewe. Watu wanapiga kura kujiongezea kodi ili mwalimu wa muziki asipunguzwe! Nikasema hiyo ndo inatakiwa huku, mwalo wetu, ushuru wetu, shule yetu.

Nikaenda nayo hiyo hoja kwenye kikao kwa mbwembwe zote. Mzee mmoja mjumbe, mvuvi mstaafu, akaniangalia akasema, mwenyekiti, sisi tuna mwalo, wale wa juu kule milimani wana nini? Mihogo? Na sangara akipungua mwalimu tutamlipa furu? Nikakaa chini. Kweli bana, mwalimu wa kisiwani Ukara na mwalimu wa Nyamagana mjini wa daraja moja wanapata mshahara mmoja tarehe moja, hiyo sio kitu kidogo, na hata binamu yangu alikiri kwamba miji yenye nyumba za bei mbaya ndo yenye shule nzuri. Kwa hiyo mimi sigombani tena na hela kutoka Dodoma. Ninachogombana nacho ni kile kipande kilichoachwa kwetu.

Chakula. Mtoto anatoka nyumbani saa kumi na mbili, anarudi saa tisa, katikati uji. Kamati ilipitisha kwa mwezi sado moja ya mahindi na 2,000 ya kuni, sukari na mpishi, hiari ya mzazi, mwalimu asiguse hata senti, maana wote tunakumbuka Januari 2018 Rais Magufuli alivyopiga marufuku michango, walimu wakuu walikosa usingizi. Mtunza hela wetu ni huyu mama wa dagaa. Tukawa tunakusanya tarehe 1 kama mabenki. Mwezi wa kwanza wakatoa nusu, wa pili robo, wa tatu mpishi akazima moto akaenda kwao, mahudhurio yakashuka, wathibiti ubora wakaja wakaandika utoro umekithiri, jamii ihamasishwe. Tukahamasishwa.

Mama wa dagaa ndo aliyeona tulipokosea. Alisema hivi, nyie mnakusanya kwa kalenda ya ukutani, huku watu wanaishi kwa kalenda ya angani. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inawavuta usiku wa giza, mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapaki wavuvi wanashona nyavu, hamna anayepata kitu, si mvuvi, si mwanikaji, si mama ntilie wa pale mwaloni. Ukimfuata mzazi siku hizo anakujibu mwenyekiti na wewe, mwezi uko juu, ntaitoa wapi? Na hadanganyi. Mimi nimezaliwa hapa, nimekula dagaa maisha yangu yote, lakini ile tarehe 1 niliipitisha kwa mkono wangu.

Tukabadilisha. Sasa tunapita siku ya tano ya giza, mwenye hela anatoa hela, asiye nayo anatoa dagaa wakavu kwa sado, mama anawauza kwa wachuuzi wanaopeleka mjini, ambao tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 hawana foleni ya kivuko tena na bei wameisogeza kidogo. Miezi miwili hii uji umekatika siku tatu tu.

Tatizo limebaki kwenye karatasi. Afisa aliyekuja kukagua vitabu vya kamati alitaka tarehe kamili ya makusanyo ya kila mwezi, mwalimu akamwandikia "siku ya tano ya giza", akairudisha na wino mwekundu, irekebishwe. Giza linaanza Alhamisi, mwalimu mkuu amepanda kwenye jiwe lake anatafuta kwenye simu mwezi mchanga utaangukia tarehe ngapi mpaka Desemba, ili aijaze.