Kwa nini nimetoa otomatiki kwenye Prado

Swali ninaloulizwa zaidi siku hizi, kwenye petroli stesheni na hata nje ya kanisa, ni kwa nini nimelirudisha gari langu nyuma. Nairobi hii kila mtu anatafuta otomatiki. Foleni ya Waiyaki Way jioni haitaki kabisa habari za mguu wa kushoto. Mimi nikatoa otomatiki iliyokuja na gari kutoka Japani, nikaweka giaboksi ya gia tano na klachi yake, na pesa zikatoka mfukoni mwangu bila kushurutishwa na mtu. Acha nieleze mara moja, nipumzike.

Gari lenyewe ni Toyota Prado ya mfululizo wa 90, toleo lililotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2002, lenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE: silinda nne, turbo, ujazo wa cc 2982. Ni injini ninayoipenda, ila ina adui mmoja anayejulikana na kila fundi wa mji huu, nalo ni joto. Silinda hedi yake ni ya aluminiamu, na ukiiacha ichemke inapasuka. Mwenye gari hili hujifunza kutupia jicho geji ya joto kila baada ya mlima.

Kisichosemwa sana ni kwamba otomatiki ya gari hili inapoozwa na rejeta hiyo hiyo ya injini. Mafuta ya giaboksi yanapita kwenye paipu mbili nyembamba, yanaingia kwenye kipoozeo kidogo kilichofichwa ndani ya tangi la chini la rejeta, yanazungukwa na maji ya injini, kisha yanarudi. Kwa hiyo kila mlima unaoupanda na mzigo, joto la giaboksi linaongezwa juu ya joto la injini ambayo tayari haipendi joto. Na kuna baya zaidi. Kati ya mafuta na maji pana ukuta mwembamba tu wa chuma. Rejeta ikizeeka ukuta ule ukatoboka, maji yanaingia kwenye giaboksi.

Ndivyo ilivyonitokea. Gari lilianza kuchelewa kushika gia: unakanyaga, linanguruma kwanza, ndipo linakumbuka kuondoka. Fundi wangu wa Kariobangi Light Industries akachomoa dipstiki ya giaboksi, akaipitisha kwenye kitambaa cheupe, akaniletea nione. Mafuta ya otomatiki huwa mekundu na unaweza kuona upande wa pili. Haya yalikuwa mazito, ya waridi, kama mala ya stroberi. Hakusema kitu. Alifungua kifuniko cha rejeta, akaingiza kidole, kikatoka na utelezi wa mafuta. Hapo ndipo akasema, "Mkubwa, hii imekunywa maji."

Ndani ya otomatiki kuna sahani za klachi zilizogandishwa utando laini kwa gundi, unaofanana na karatasi ngumu. Maji yakifika hapo gundi inaachia, utando unabanduka vipande vipande na kuziba vijinjia vya mafuta. Kuna watu watakaokuambia umwage mafuta, usafishe mara kadhaa, uendelee. Labda, kama uligundua siku ile ile. Langu lilikuwa limeshakwenda hivyo na mizigo, na mimi mizigo yangu si ya sukari na unga. Kazi yangu ni kufunga pampu za maji za sola upande wa Kajiado Magharibi, kwa hiyo gari hubeba mabomba, mota, betri na vijana wawili wanaokula vizuri.

Njia ya kawaida ingekuwa kununua otomatiki nyingine iliyotumika. Nilimuuliza fundi. "Naweza kukuwekea," akasema, "lakini umri wake ni kama wa hii, na hatujui rejeta ya mwenyewe ilikuwaje." Na bei ya otomatiki iliyotumika, ukiongeza rejeta mpya ambayo huwezi kuikwepa, ilikuwa inagusa bei ya kubadilisha kila kitu kuwa gia za mkono. Nikasema, Mzee, tubadilishe.

Sababu yangu ya pili ni ile barabara ya Magadi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Magadi liko kama mita 600. Ukishapita Kona Baridi unaanza kushuka Bonde la Ufa, na kwa mzigo kama wangu breki zinanuka kabla hujafika Olepolos. Najua otomatiki nayo ina gia za chini, 2 na L, na nilizitumia. Lakini kibadilisha nguvu cha mafuta kilichoko mbele ya otomatiki kinateleza kiasi, gari linaponyoka polepole, na unajikuta umerudi kwenye breki. Klachi ikishashikana imeshikana. Ukiwa gia ya pili, injini na magurudumu ni kitu kimoja.

Sasa kazi yenyewe. Watu hudhani kubadilisha ni kutoa giaboksi moja na kupachika nyingine. Giaboksi ndiyo sehemu rahisi. Kinachoumiza ni vikorokoro vinavyoizunguka, na ndiyo maana fundi alinipa sharti moja kabla hajashika spana: kila kitu kitoke kwenye gari moja. Si giaboksi ya Grogan, pedali za Ngara na flaiwili (gurudumu zito linalofungwa nyuma ya injini) ya Industrial Area. Gari moja lenye injini ile ile, lililozaliwa na gia za mkono.

Bahati ni kwamba Kenya magari hayo yapo. Prado nyingi zilizoletwa kwa ajili ya mashirika ya misaada zilikuwa za gia za mkono, kwa sababu ziliendeshwa na madereva wa kazi huko kwenye barabara za vumbi. Zikigongwa huishia mnadani, na kutoka mnadani hukatwakatwa zikauzwa Barabara ya Kirinyaga. (Hakuna anayeiita Kirinyaga. Ni Grogan tu, jina la yule mlowezi Ewart Grogan aliyesafiri kutoka Cape hadi Cairo, na jina la mtaa lilibadilishwa zamani sana lakini wauza spea hawakupata barua.)

Nilipata Prado iliyobondeka ubavu na nyuma, mbele ikiwa nzima. Muuzaji alitaka kuniuzia giaboksi peke yake, pedali peke yake, na kila bolti kwa bei yake. Fundi alikuja nami, akakaa kwenye tairi kuukuu, akafanya mambo matatu ambayo ningependa kila mnunuzi ayajue. Aliingiza gia zote kwa mkono, moja moja, huku akizungusha shafti ya mbele na kusikiliza. Akaishika shafti hiyo akaitikisa juu na chini. Ikicheza sana, beringi zimekwisha. Halafu akafungua bolti ya kumwagia mafuta, ambayo ina sumaku, akasugua uchafu wake kwenye kiganja na kuelekea juani. Uji mweusi kidogo hauna neno, huo ni uchakavu wa kawaida wa chuma. Anachokitafuta ni kumetameta kwa rangi ya dhahabu, maana hiyo ni shaba inayotoka kwenye zile ringi zinazolinganisha mwendo wa gia, na ikiwa nyingi utakuwa unasaga meno kila ukiingiza gia ya pili. Ya kwetu ilikuwa safi.

Tukaondoka na giaboksi ikiwa bado imeshikana na transfa yake, lile sanduku linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Hili alilisisitiza: meno ya shafti inayoingia kwenye transfa na bamba linalounganisha hizo mbili si lazima yafanane na ya otomatiki, kwa hiyo usizitenganishe hata muuzaji akikupunguzia bei. Tukachukua flaiwili na bolti zake, kwa sababu otomatiki ina bamba jembamba mahali pa flaiwili na bolti zake ni fupi. Tukachukua uma wa klachi, klachi masta ya juu na ya chini na paipu yake, krosimemba (chuma cha kukingama kinachobeba giaboksi), propela shafti ya mbele na ya nyuma, na fremu nzima ya pedali kutoka chini ya dashibodi. Mwisho akakata kipande cha waya chenye plagi za giaboksi. Muuzaji akauliza kipande cha nini. "Cha kuniondolea matusi ya fundi wa umeme," akajibiwa.

Klachi pleti, preshapleti na beringi ya klachi tulinunua mpya, dukani panapotoa risiti. Sitanunua klachi iliyotumika, na sitakushauri. Flaiwili ilipelekwa kwenye leithi (mashine ya kuchonga chuma) hapo hapo Kariobangi ikaskimiwa, yaani uso wake ukasawazishwa. Na kwa kuwa giaboksi ilikuwa chini, tulibadilisha sili ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini. Ni kipande cha mpira cha bei ndogo, lakini kikivuja baadaye kitalowesha klachi mpya na utalipia kushusha giaboksi upya.

Kuna kitu kimoja kidogo sana ambacho fundi alinionyesha kwa tochi. Katikati ya mwisho wa krenki kuna tundu. Kwenye gari la otomatiki halina kitu. Kwenye la gia za mkono hukaa beringi ndogo inayoshikilia ncha ya shafti ya giaboksi. Alisafisha tundu kwa kidole na kitambaa, akapaka grisi, akaigonga beringi taratibu kwa soketi iliyolingana na ukingo wake wa nje, akisikiliza mlio ubadilike. Bila beringi hiyo gari litaondoka vizuri tu, kisha shafti itaanza kuyumba, na utamlaumu aliyekuuzia giaboksi.

Kupandisha giaboksi na transfa kulitaka jeki na watu watatu. Hayo mengine ni jasho, siyasimulii.

Umeme ndio ulionichekesha. Gari lote likiwa limefungwa, mafuta 75W-90 ya GL-4 ndani ya giaboksi, klachi imetolewa hewa na pedali imekuwa ngumu, nikawasha. Kimya. Gari la otomatiki haliwaki mpaka liwe kwenye P (ya kuegesha) au N (bila gia), na sasa hakuna swichi ya kuliambia liko wapi. Mafundi wengi huunganisha zile waya mbili tu, likawaka. Fundi wa umeme alitaka kufanya hivyo hivyo, nikakataa: mtoto akizungusha ufunguo gari likiwa kwenye gia, litaruka. Tukapitisha waya kwenye swichi ya pedali ya klachi, kwa hiyo usipokanyaga haliwaki. Taa za rivasi nazo zikaunganishwa na swichi ya giaboksi mpya.

Likawaka. Nikazima, nikavuta ufunguo, ukakataa kutoka. Gari lilikuwa bado linasubiri niweke P! Kuna kijisolenoidi kwenye shingo ya usukani kinachoufungia ufunguo mpaka leva ifike P, na leva yenyewe ilikuwa imeshatupwa kwenye gunia la vyuma. Kijana alichomoa plagi yake, ufunguo ukatoka. Ikabaki taa ya O/D OFF (ya gia ya juu kabisa ya otomatiki) kwenye dashibodi, ikipepesa mfululizo, kwa sababu kompyuta ya giaboksi ilikuwa inaitafuta otomatiki yake. Hiyo aliishughulikia nyuma ya dashibodi, na sikutaka kujua zaidi.

Linakwendaje? Kushuka baada ya Kona Baridi sasa ni gia ya tatu, kwenye kona kali ya pili, na breki naigusa tu. Sindano ya joto inakaa chini kidogo ukipanda kurudi, ingawa lazima niseme rejeta nayo ni mpya, kwa hiyo sifa wagawane. Wale wanaodai matumizi ya dizeli yatapungua nusu wanakudanganya. Tofauti ipo, ila usiifanye kuwa sababu. Na mjini ni adhabu. Mombasa Road ikisimama, goti la kushoto linafanya kazi ya mikono miwili. Mama watoto aliliendesha hadi Wakulima na kurudi, akaweka ufunguo mezani: "Baba watoto, hili sasa ni la Magadi. Mjini nitapanda matatu."

Kama gari lako ni la kupeleka watoto shule Lavington, weka otomatiki nyingine, badilisha rejeta, na ufunge kipoozeo cha nje cha mafuta ya giaboksi ili maji na mafuta yasikutane kamwe. Ni nafuu kuliko nilichofanya mimi.

Jambo ambalo hakuna fundi aliyelitaja ni leseni. Binti yetu ana leseni ya B1, ambayo ni ya magari madogo ya otomatiki. Gia za mkono ni B2. Kwa hiyo gari ambalo amekuwa akiliazima kila Jumamosi haruhusiwi kuligusa. Ameshaulizia karo ya shule ya udereva, na amenitumia bili.