Gari langu la kwanza lilikuwa limelala juu ya mawe

Kabla ya Julai 2017, ukikatiza mitaa ya Kihonda au Chamwino hapa Morogoro ulikuwa hukosi kuona gari limelala uani, tairi zimeisha upepo, watoto wanachezea ndani. Mengi hayakuwa yamekufa injini. Yaliuawa na deni la leseni ya barabara, ile wote tuliyoiita rodi laisensi. Ilikuwa ada ya kila mwaka, na gari lilidaiwa hata kama halijatoka nje ya geti, faini juu yake. Mtu akikwama mwaka mmoja, unaofuata deni limekua. Baada ya hapo anaona heri aliache. Ataliingizaje barabarani wakati trafiki anaanzia kwenye stika ya kioo cha mbele?

Tarehe 8 Juni 2017 Waziri wa Fedha, Dk. Philip Mpango, akasoma bajeti Dodoma na kuifuta ada ile. Hela yake ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita, na malimbikizo ya nyuma yakasamehewa. Mtaani watu walijadili bei ya mafuta. Mimi, kijana wa miaka 19, niliwaza kitu kimoja tu: ile Toyota Starlet ya mwalimu, iliyolala juu ya mawe.

Nilikuwa nauza mayai. Nilimaliza kidato cha nne nikaanza na banda dogo la kuku wa kisasa nyumbani kwa mama, nikawa nasambaza trei kwenye maduka na migahawa kwa baiskeli. Mvua za masika zikianza kumwagika kutoka Uluguru, barabara za ndani zinageuka tope, na kila ukiteleza unahesabu hasara. Wateja wa mbali niliwakataa kwa sababu ya usafiri tu. Akiba yangu ilikuwa imefika kama milioni mbili, na madalali walishaninusa. Waliniletea magari yanayong'aa kwa rangi mpya, bei chee, lakini hakuna aliyekuwa tayari kunieleza kwa nini ni chee. Starlet ile sababu yake niliijua. Nilimwona mwalimu akiliendesha mpaka deni lilipomshinda, akalipandisha juu ya mawe akiwa amestaafu na kiinua mgongo kimeishia kwenye ujenzi.

Nilimfuata jioni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umeleta mayai?"

"Hapana mwalimu. Nimekuja kuulizia gari."

Akanitazama kwa muda. Akasema milioni na laki nane. Nikasema nina milioni na laki mbili, nikamweleza ninavyoiona kazi iliyobaki pale: tairi, betri, breki, mikanda. Tulikubaliana milioni na laki nne, kwa sharti kwamba kwanza nije na fundi wangu, na kadi ya gari niione kwa macho.

Kadi ndiyo niliyoikazania kuliko injini. Watu huweka kadi halisi rehani kwa mkopeshaji, wakauza gari kwa nakala. Mwalimu alitoa kadi halisi, jina ni lake. Tukafungua boneti, fundi akafuta vumbi kwenye ukuta ulio nyuma ya injini, tukasoma namba ya chesesi iliyogongwa pale, herufi kwa herufi: inaanza na EP82, inalingana na kadi. Akafungua kifuniko cha oili. Ungekuwepo utando mweupe kama maziwa chini yake, tungejua maji yameingia kwenye oili, huenda gasketi imeungua, na mimi ningerudi nyumbani na hela yangu. Kulikuwa na oili nyeusi iliyozeeka, basi.

Nilichagua Starlet kwa sababu nyingine pia. Injini yake ya 4E, cc elfu moja mia tatu na kitu, hakuna fundi asiyeijua, na spea zake zilizotumika ukienda eneo la Gerezani pale Dar unachagua.

Siku ya kuliwasha ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Nilidhani fundi atafunga betri na kupiga stata. Hakufanya hivyo. Alichomoa plagi zote nne, akadondoshea oili kidogo kwenye kila tundu, akaniambia tuiache inywe. Kesho yake akaingiza spana kwenye nati ya puli ya chini, akaizungusha injini kwa mkono, polepole, akisikiliza. "Dogo, ringi zikishika kutu ukalazimisha na stata, unakwangua silinda. Hapo umenunua chuma chakavu." Ilizunguka bila kugoma. Nilijifunza mengi kwenye dakika zile kuliko maneno yote ya madalali.

Tanki tulilishusha. Petroli iliyokaa humo ilinuka kama rangi ya zamani, na ndani kulikuwa na kutu. Tukatia kokoto na petroli kidogo, tukalitikisa mimi na yeye mpaka mikono ikauma, tukalisuuza, tukabadilisha filta. Breki za nyuma zilikuwa zimeng'ang'ania, waya za taa panya wamezila, mkanda wa taimingi tukaweka mpya bila mjadala. Injini ilipowaka ilitoa moshi wa bluu wa ile oili tuliyodondoshea, ukapungua, ukaisha. Mwalimu alitoka na kikombe chake cha chai akasimama kuisikiliza.

Mkataba wa mauziano tuliandikishana kwa wakili, kisha nikaenda TRA na TIN yangu kubadilisha umiliki. Kuna watu huendesha miaka na kadi ya jina la mtu mwingine. Mimi naona huo ni mzigo kwa pande zote mbili, kwa sababu gari likigonga mtu, anayetafutwa kwanza ni yule wa kwenye kadi. Sikutaka mwalimu aamshwe usiku kwa ajili yangu. Bima ndogo nikakata, leseni daraja D nilishaipata baada ya kupita shule ya udereva.

Matengenezo yalikula kama laki sita na ushee. Jumla ikawa milioni mbili na kidogo, wakati Starlet zinazotembea mjini nilikuwa nikiambiwa milioni tatu. Nikilaza siti za nyuma, trei zinakaa vizuri mpaka usawa wa vioo. Nikaanza kupeleka Bigwa na Mzumbe, kwa wale wateja niliowahi kuwakataa.

Nililiuza mwaka 2020 kwa milioni mbili na nusu. Mnunuzi nilimwonyesha kila kilichobadilishwa na kila kinachokaribia kuchoka, nikaongezea hela nikachukua Kirikuu, ile pikapu ndogo, maana mayai yalikuwa hayaenei tena.