Yeremia na miche yangu ya parachichi

Wahubiri wakigusa imani hukimbilia kwa Ibrahimu, au Danieli na simba wake. Mimi siku hizi nakaa na Yeremia, sura ya 32. Yerusalemu imezingirwa na Wababeli, mwenyewe kafungwa katika uwanda wa walinzi, na binamu yake Hanameli anakuja kumwuzia shamba la Anathothi. Binamu mjanja, jamani! Yeremia anapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, anaandika hati, anaita mashahidi, kisha anamwagiza karani wake Baruku aitie hati kwenye chombo cha udongo ili ikae siku nyingi.

Ninachokipenda kinafuata: akishalipa ndipo anaomba, tena kwa mshangao. Mji unatwaliwa, nawe waniambia ninunue shamba?

Mume wangu alipoachishwa kazi, nilikuwa nimeshalipia miche 40 ya parachichi hapa Njombe. Mama mkwe akaniuliza, "Mwanangu, mtakula majani?" Sikuwa na jibu. Parachichi hukaa kama miaka mitatu kabla hujachuma cha maana. Nikachimba mashimo, futi mbili kwenda chini, nikachanganya udongo na samadi. Jioni nikalia jikoni, nikimwuliza Mungu mbona hakunizuia mapema.

Miche 6 imekufa kwa baridi ya Juni. Iliyobaki nimeifunika kwa nyasi, na leo asubuhi mmoja umetoa majani mapya, bado mekundu. Risiti ya kitalu ipo kwenye mkebe wa majani ya chai, juu ya kabati.