"Sisi tuliwahi"

Tangu Alhamisi usingizi haunijii, na wala si kwa sababu ya tangazo lenyewe. Tangazo tumelisikia wote: Novemba 20, 2025 serikali ya Uingereza imependekeza muda wa kusubiri makazi ya kudumu utoke miaka 5 uwe 10, na kwa kazi zisizohitaji shahada, kama hii yangu ya kulea wazee, ufike 15. Tena si kwa watakaokuja tu, hata sisi tuliomo.

Kinachoniwasha ni muuguzi mmoja wa kazini kwetu. Nilimkuta chumba cha dawa anapanga vidonge vya jioni kwenye vile vikombe vidogo.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia, dada."

"Kwani wewe ulikuja lini?"

"Mwisho wa 2022."

Akasita, kidonge kikiwa kwenye kijiko. "Aaa. Sisi tuliwahi." Akaendelea kuhesabu.

Angesema kwa ubaya ningemjibu. Alisema kwa upole, kama anayekupa pole ya mafua. Yeye kaingia 2019 kwa viza ya uuguzi. Sisi walezi wa kawaida tulifunguliwa njia Februari 2022. Sasa ningewahije mlango ambao haujafunguliwa? Hilo jibu limenijia nikiwa kwenye basi, halinisaidii kitu.

Wiki hii Baba Nuru kaanza kazi mpya, wifi kajifungua mapacha, wakaguzi wamepita kazini. Mimi niko palepale chumba cha dawa.

Halafu kuna mwenzetu wa zamu ya usiku. Aliingia baada ya Machi 11, 2024, walipokataza walezi kuja na familia, kwa hiyo watoto wake anawaona kwenye simu. Nikimtazama, moyo unasema lilelile: sisi tuliwahi. Sijamwambia, Mungu anisitiri.

Jana lakini nimecheka. Bibi wa chumba cha mwisho aliona kitabu changu cha mtihani wa maisha ya Uingereza, ule wa kuombea makazi ya kudumu, akataka nimuulize yeye. Maswali 24, dakika 45, ukipata 18 umepita. Mzaliwa wa hapahapa, ana miaka tisini na ushee, na vita vya Hastings kavipeleka enzi za Napoleon! Nilipomwambia ni 1066 akafunga kitabu: "Basi mimi watanirudisha wapi?" Chai yote ikamwagikia blanketi.

Maoni walisema watapokea mpaka Februari 12, 2026, nami nikasema nitaandika yangu. Baba Nuru anataka tuihamishe akiba. Nimekataa. Ada ya makazi ya kudumu mwaka 2025 ilikuwa pauni 3,029 kwa kichwa, mtoto hapunguziwi hata senti, na sitaki zikafike siku hizo tumezila.

Ila Nuru. Siku hizi akisoma anafumba jicho moja, na kitabu kiko puani kabisa. Namuuliza, anasema anaona. Jumamosi nampeleka akapimwe, apende asipende.