Maji ya paa lako yasimfikie jirani wa bondeni

Mtaro ukinyooshwa na kusakafiwa, maji hayapungui. Yanawahi tu kufika kwa walio chini. Mvua iliyokuwa ikishuka bondeni kwa saa kadhaa sasa inashuka kwa mkupuo. Kwa hiyo kazi ya kudumu huanzia juu, pale tone linapoangukia.

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 40 linamwaga lita 4,000. Shimo la kunyonya maji, yaani shimo la mawe linalopokea maji ya paa na kuyazamisha ardhini, likiwa la mita 2 kwa 2, kina mita 1.5, ni lita 6,000 likiwa tupu. Ukishalijaza mawe, nafasi inayobaki ni kama theluthi, yaani lita 2,000, na hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Zilizobaki zipokewe na tangi. Lakini tangi lililojaa halipunguzi mafuriko hata kidogo: mawingu yakikusanyika, liwe na nafasi.

Kwanza pima udongo. Chimba hadi kina utakachotumia, kisha pale chini toboa kishimo cha sentimita 30 kila upande. Kijaze, kiache kinywe usiku kucha, jaza tena asubuhi uangalie maji yanashuka kiasi gani kwa saa. Shimo zuri la mawe likijaa, maji yake hupungua nusu ndani ya saa 24. Maji yakichuruzika yenyewe kutoka ardhini, hapo hapafai. Kaa angalau mita 5 kutoka kwenye msingi wa nyumba, mbali na choo cha shimo, na kamwe usichimbe kwenye mteremko unaoporomoka. Maji yakizama humo yataubomoa.

Kinachoua mashimo haya ni tope. Utando mwembamba wa udongo laini ukitanda, nafasi kati ya mawe bado ipo ila maji hayazami tena. Osha mawe kabla ya kuyapanga, yazungushie kitambaa cha kuchujia, na ujenge chemba, yaani kisanduku cha kunasa tope, ambamo maji hupita kabla ya kuingia shimoni: bomba la kutokea liwe sentimita 30 juu ya sakafu yake, tope libaki chini. Ichote tope kabla ya kila msimu, maana chemba iliyojaa inapitisha kila kitu shimoni.

Mvua kubwa zaidi itakuja, hivyo weka bomba la ziada karibu na mdomo wa shimo, limwage kwenye bustani iliyobonyea kama sahani, si barabarani.