Inkubeta, siku ya 9: nyuzijoto 85

Leo asubuhi nimefungua faili ambamo kompyuta huandika joto la inkubeta, sanduku langu la kuangulia mayai, kabla hata ya chai, moyo ukanipiga paa. Nyuzijoto 85! Mayai yanatakiwa 37.5, kwa 85 ningekuwa nimepikia mtaa mzima. Nikakimbilia sandukuni. Kipimajoto cha kawaida kinasoma 37.4.

Mistari yenyewe:

21:51 37.5
21:52 37.5
21:18 85.0
21:19 29.8
21:20 30.4
23:41 31.1

Saa imerudi nyuma, kisha ikaruka zaidi ya saa mbili. Nikashuku programu yangu, nikaikagua weee, haina kosa.

Ile 85 niliielewa kwanza. Sensa yangu ya joto, DS18B20, ikipata umeme, rejista yake (kumbukumbu ndogo inayoshika kipimo) huanzia 85 na kubaki hapo mpaka imalize kipimo cha kwanza, ambacho huchukua hadi milisekunde 750. Programu yangu ilisoma kwa pupa. Kumbe 85 si joto, ni alama kwamba umeme ulikatika ukarudi.

Hapo na fumbo la saa likafunguka. Kompyuta yangu ndogo, Raspberry Pi 3, haina saa yenye betri. Muda huhifadhiwa kwenye kadi ya kumbukumbu kila baada ya saa moja, na mashine ikiwaka upya inaendelea kutoka pale ilipohifadhi mwisho mpaka ipate intaneti isahihishwe. Ruta yangu nayo ni mvivu kuamka. Kwa hiyo mistari mitatu ina saa ya uongo. Nikihesabu kurudi nyuma kutoka 23:41, dakika moja kila mstari, umeme ulirudi kwenye 23:38.

Ila hiyo ni UTC, saa ya kimataifa, iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Ongeza 3: saa nane na dakika 38 usiku. Nikamuuliza jirani anayeuza maandazi.

"Ulikatika saa saba kasoro, mwanangu. Unarudi, mimi nakanda unga kwa tochi ya simu."

Karibu saa moja na dakika 45 bila joto, basi. Nimemulika mayai sita: matano yana mishipa na kitu kinacheza ndani, moja jeupe tupu, nadhani halikuwa na mbegu tangu mwanzo.

Nimeongeza safu ya sekunde tangu mashine iwake, hiyo haidanganywi na saa. 85 ya kwanza sasa inaandikwa "umeme umerudi". Moduli ya saa yenye betri, DS3231, nimeagiza. Betri ya kuwasha inkubeta yenyewe, bei bado imenishinda.